Mkeka wa Agnesi

Agnesi amezeeka vizuri. Niliona hivyo kabla hata sijampokea mkoba, akiwa bado anashuka kwenye boti pale gatini Kilindoni, mgongo umenyooka, meno yote yako mahali pake, kashika gauni kwa mkono mmoja asikanyage pindo. Mimi nilikuwa nimevaa baibui jipya na viatu vya kunibana kwa ajili yake, na nilipomwona nikaona ningekuja na kandambili zangu tu. Tulikumbatiana. Alilia kidogo, nikamwambia machozi ya nini na sisi watu wazima. Nilimpeleka nyumbani nikampa wali wa nazi na mchuzi wa pweza, akala akasifu, akaniulizia wanangu mmoja mmoja kwa majina. Majina aliyajua kutoka kwenye simu, maana tulianza tena kusalimiana mwaka jana tu, baada ya mpwa wangu kukutana naye msibani huko bara na kumwomba namba. Kabla ya hapo ilikuwa imepita karibu miaka arobaini sijasikia sauti yake, na nilikuwa nimejizoeza kusema kwamba nimemsahau.

Alipomaliza kula alinawa, akajifuta mikono, akasema, "Mize, kesho nipeleke kanisani. Nataka niuone ule mkeka."

"Mkeka gani?" nilimwuliza, kana kwamba katika maisha yangu ipo mikeka mingi ya kanisani.

"Ule."

Nilikusanya sahani nikaenda nazo uani, nikaziosha mwenyewe ingawa yupo binti wa kuziosha. Wapo watakaosema kwamba mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu na duka lake la kanga hapa mjini, hana haja ya kumwonea mwenzake wivu kwa mkeka wa ujanani. Hao hawakuwapo mwaka ule. Mimi nilikuwapo, na nasema wazi kwamba wivu ule sikuuacha kule kijijini Baleni. Nilihama nao, nikaolewa nao, nikazaa nao, na kila nilipokuta mkeka mzuri umetandikwa kwenye harusi ya mtu, nilitaka kwanza kujua umeshonwa na nani kabla sijamtazama bibi harusi.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Jina langu halikutoka kati ya waliochaguliwa kuendelea, na bila maneno mengi nikapelekwa Baleni kwa Bi Kidawa nikajifunze kusuka. Bi Kidawa alikuwa fundi wa mikeka ya harusi. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi, lakini maisha yote yalikuwa ukumbini. Hapo tulisuka, tulikula, tulipokea wageni, na kwenye kona moja yalikaa masufuria ya rangi ambayo hayakupikiwa kitu kingine, moja jeusi kwa mizizi ya mdaa, jingine jekundu kwa rangi ya unga iliyotoka duka la Mhindi Kilindoni. Nyumba nzima ilinuka ukindu uliochemshwa, na mpaka leo nikiisikia harufu ile mahali nasimama kwanza. Mkeka hausukwi mzima kama wanavyodhani watu wa mjini. Unasuka ukili, yaani utepe mrefu wa ukindu usiozidi upana wa kiganja, unauviringisha kadiri unavyorefuka, na kili zikitosha unazishona ubavu kwa ubavu mpaka utoke mkeka. Mikeka ya Bi Kidawa ilikuwa na kili za mikono mingi. Wanawake wa mtaani walimletea, yeye akachagua, akashona kwa shazia yake, sindano kubwa ya shaba iliyokuwa imelika katikati kwa kushikwa. Kusuka alisuka kila mtu. Aliyeshona ndiye aliyeitwa fundi, na hapo Bi Kidawa alikuwa na sharti lake alilolirithi kwa aliyemfundisha: mkeka wako wa kwanza haukai nyumbani wala hauuzwi. Unapelekwa nyumba ya sala, watu wakapigie magoti juu yake, na siku hiyo ndiyo unakabidhiwa shazia. Yeye shazia alikuwa nayo moja, na hakuwa na mtoto wa kike. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoitaka sindano ile.

Tatizo ni kwamba mimi ni mashoto. Kula nilifundishwa kwa mkono wa kulia, na chuoni mwalimu wa Kurani alinizoesha kushika kalamu kwa kulia, lakini vidole vikishika ukindu, wa kushoto ndio uliotangulia. Ukili wangu ulikaza, ulinyooka, ila mistari yake ililalia upande usio wa wenzangu. Ukiushona na ukili wa mtu mwingine, mkeka unavutana na kuinua pembe, haulali chini. Bi Kidawa alijaribu. Aliukanyaga kwa kisigino, akaunyunyizia maji, akaulazia kinu, na kulipokucha pembe ikainuka vilevile. Akaufumua kimyakimya. Ningependa angenigombeza. Tangu hapo kili zangu hazikuchanganywa na za mtu, alizitundika kwenye mapao ya jikoni, na nilipomwuliza nisuke tena au niache, alisema, "Suka. Kwani nani kakwambia uache?"

Agnesi alikuja msimu wa maembe. Baba yake alikuwa katekista wa wafanyakazi wa shamba la minazi, watu wa bara waliokaa kambini upande wa msituni, na kanisa lao lilikuwa hukohuko, minazi inapoishia na msitu unapoanza. Alikuwa rika langu, mrefu kunizidi, mwepesi wa kucheka. Mama yake alimleta na kikapu cha karanga, akampigia Bi Kidawa goti, akasema mtoto huyu anapenda kazi ya mikono. Bi Kidawa alimshika Agnesi vidole, akavikunja, akavikunjua, akatabasamu. Mimi sikushikwa vidole siku niliyofika. Kabla maembe hayajaisha, kili za Agnesi zilikuwa zinashonwa pamoja na za Bi Kidawa mwenyewe, na ukiutazama mkeka usingejua mkono huu umeishia wapi na ule umeanzia wapi. Nilikuwa nalala kwenye nyumba ile, nachota maji yake, nakuna nazi zake, lakini mikono iliyolala pamoja kwenye mkeka ilikuwa yao wawili.

Tukienda bwawani kukata ukindu tulikwenda kundi, maana bwawa lile lilikuwa na viboko, na ilibidi mtu mmoja asimame kuangalia maji. Mtu huyo nilikuwa mimi. "Mize ana jicho," alisema Bi Kidawa, nami nikasimama na jicho langu, huku yeye na Agnesi wameinama kwenye mikindu, anamwonyesha jani la kukata na la kuacha, wanacheka jambo nisilolisikia. Nilitazama yale maji yaliyotulia nikimwombea kiboko atokee. Si aue mtu, atokee tu, waache kucheka.

Na kwenye sinia hivyohivyo. Bi Kidawa alikuwa na desturi ya kumpa mgeni kichwa cha samaki. Mgeni huwa wa siku chache, lakini Agnesi aliendelea kuwa mgeni miezi na miezi, na kichwa kikaendelea kumfuata. Siku moja tumekula changu wa kuchoma nikashindwa kunyamaza.

"Bibi, huyu bado tu hajawa mwenyeji?"

Bi Kidawa alinitazama. "Kichwa wakitaka?"

"Sikitaki."

"Basi kula mkia."

Agnesi alibandua nyama ya shavu la yule samaki, akaisogeza upande wangu wa sinia bila kunitazama. Niliirudisha. Naandika haya ieleweke kwamba Agnesi hakunifanyia ubaya hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angekuwa na roho mbaya ningepata pa kumshika. Alinifundisha nyimbo, alinisuka nywele, aliniletea karanga kwenye pindo la kanga, na kila wema wake ulinifanya nijione mdogo zaidi.

Alasiri moja nilikuwa uani naanika ukindu nyuma ya ukuta wa makuti, na ndani Bi Kidawa alikuwa anashona huku anazungumza na Bi Rehema, jirani yetu, mwanamke asiyefunga mdomo hata akinywa chai.

"Na huyu mashoto wako utamfanyaje?" Bi Rehema aliuliza.

"Kili zake nimeziweka."

"Za nini?"

"Nimeziweka, Bi Rehema."

"Ukuni wa kuchochea moto si haba," alisema Bi Rehema, akacheka, na nikamsikia Bi Kidawa naye akicheka. Labda alicheka ili jirani aache kuuliza. Hilo naliwaza leo. Siku ile nilisikia kicheko tu. Nilirudi kwenye ukili wangu nikiwa siuoni kwa hasira. Nilikuwa nasuka mweusi na mwekundu kwa kupokezana, nikauacha mwekundu, na mweusi ukaenda peke yake shubiri nzima kabla sijashtuka. Mtu wa kujali angefumua. Mimi nikasema ukuni haufumuliwi, nikaendelea mbele na kosa langu.

Kipupwe kilipoingia zikaja habari kwamba shamba linapunguza watu, na baba yake Agnesi na familia yake watarudi bara. Habari ya pili ni kwamba kanisa limepata mabati mapya, na padri atakuja kulibariki kabla hawajaondoka. Bi Kidawa alisema kanisa litapelekewa mkeka. Hakusema zaidi, wala sikuhitaji aseme zaidi. Agnesi akaacha kuja, Bi Kidawa akawa ndiye anayekwenda kambini, akirudi anasema mwenzako anashona kwao. Asubuhi moja katika siku hizo niliingia jikoni kupika uji, nikatazama juu, mapao yalikuwa matupu. Hakikubaki hata kipande. Chini ya mafiga palikuwa na jivu jipya la jana. Sikuuliza. Niliwasha moto nikapika uji, na tulipokunywa Bi Kidawa akanitazama mara kwa mara kama anayengoja niseme neno. Nilikunywa mpaka mwisho wa bakuli nikaenda kuliosha.

Siku yenyewe tulikwenda kwa miguu, mimi, Bi Kidawa na wanawake wengine wa Baleni. Agnesi alitupokea kwenye njia ya minazi, kabeba mkeka begani, umeviringishwa ndani ya kanga mpya, umefungwa pande zote. Ulikuwa mzito, unaonekana tu.

"Mize, nishikie upande huu," aliniambia.

"Mkeka wako, beba mwenyewe."

Alinitazama vibaya sana, macho yakamjaa maji, akaunyanyua vizuri begani na kutangulia. Nilifurahi. Ilikuwa furaha ndogo, lakini mwaka ule sikuwa na nyingi.

Kanisa lenyewe lilikuwa la mawe na chokaa, dogo, lenye madirisha membamba, na nyuma yake msitu umesimama karibu kiasi kwamba matawi yaligusa paa. Kengele ilikuwa rimu la lori lililotundikwa kwenye mwembe mchanga. Watu wa kambini walikuwa wamemwita mtu wetu wa Baleni awachinjie mbuzi, ili na sisi tule bila wasiwasi, na sufuria zilikuwa zimeshawaka nyuma ya nyumba ya katekista. Bi Kidawa alivua ndala zake mlangoni, akaingia na Agnesi kuutandika. Alipokwishaingia alirudi mpaka mlangoni, akaniita mbele ya watu. "Mize, ingia uone."

"Nitaona baadaye, Bibi."

Akasimama kidogo, kisha akaingia. Mimi nikazunguka upande wa msituni nikakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, natazama tumbili wanavyorukiana juu ya mabati mapya na kushtuka na makelele yake. Kila kitu nilikisikia. Nilisikia mkeka ukikung'utwa na kutandikwa, nikasikia wanawake wakinyamaza, halafu vigelegele. Sauti ya mwanamke mmoja ikasema, "Tazama ulivyolala, hauna hata pembe iliyoinuka." Nyingine ikasema huo ni wa kulalia malaika. Padri akaja akasema maneno marefu kuhusu binti huyu na kipaji chake, na toka siku hiyo kambini na Baleni yote ukaitwa Mkeka wa Agnesi. Sikusikia sauti ya Agnesi hata mara moja. Nilidhani ananyamaza kwa maringo. Nyama ya mbuzi ilipopakuliwa niliila, ilikuwa tamu, na hilo nalo lilinikera.

Tulipokuwa tunarudi, Bi Kidawa aliwaacha wenzetu watangulie. Alikuwa ameshika fundo la kanga yake kwa mkono mmoja, mahali anapofunga vitu vidogo.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Umeuonaje?"

"Mzuri," nilisema. Na sikuwa nimeuona hata ncha.

Akangoja. Tulitembea hatua kadhaa, yeye ananitazama usoni, mimi natazama njia. Mkono wake ulikuwa bado kwenye fundo. "Huna neno lingine?"

"Niseme nini, Bibi? Mkeka ni mkeka."

"Haya," alisema, akauachia mkono ukashuka, na hakunitajia habari ile tena maishani mwake. Wiki ileile nilimwomba ruhusa nikafanye kazi Kilindoni, kwenye duka la kanga la familia moja ya Kihindi. Hakunizuia. Siku Agnesi alipokuja dukani kuniaga kabla ya kuvuka, nilimwambia kijakazi aseme sipo, nikasimama nyuma ya pazia mpaka alipoondoka. Bi Kidawa alifariki kabla ya msimu wa maembe uliofuata. Nilikwenda kumzika, nikaitafuta shazia kwa macho kila mahali mle ndani, sikuiona, na moyo wangu ukasema inajulikana iko kwa nani. Toka hapo sikushika tena ukindu.

Basi asubuhi baada ya Agnesi kufika tulichukua bajaji mpaka Baleni, na kutoka hapo tukatembea. Shamba halipo tena kama lilivyokuwa, kambi imebaki misingi, na minazi mingi haina vichwa. Msitu umesogea. Ulikuwa nyuma ya kanisa, siku hizi umelizunguka pande tatu, na yale mabati mapya yamekuwa rangi ya udongo. Tumbili wapo, hawashtuki tena. Katekista wa sasa ni kijana mpole, mwalimu wa shule, anayefungua mlango pale wanapotokea waumini, watumishi wa serikali wengi wao, wanaokuja kutoka mjini kwenye sikukuu.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Agnesi akajitambulisha, na yule kijana akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe ndiye Agnesi wa mkeka? Mimi nilidhani ulishakufa zamani." Nikaona wivu wangu umeamka, umekaa, unapiga mwayo. Agnesi hakucheka. Alikuwa amekazana kunitazama mimi.

Nilivua viatu mlangoni kwa mazoea, nikaingia, kwa mara ya kwanza. Ndani palikuwa na baridi na harufu ya popo. Kijana alikwenda chumba cha nyuma akatoka na mkeka umefungwa kwenye shuka, majani makavu ya mwarobaini yakidondoka. "Huu tunautandika harusi na ubatizo tu," alisema, "ndiyo maana umedumu. Ila panya wamekula pembe. Tumeleta mafundi, hata mmoja kutoka Chole, kila wakitia kiraka kinajikunja. Wanasema aliyeusuka ana mkono wake mwenyewe."

Akautandika mbele ya altare. Ukalala chini wote, tuli, isipokuwa pembe moja yenye kiraka kilichoinuka. Mweusi na mwekundu, umefifia lakini unasomeka. Mistari yote ililalia kushoto.

Niliinama. Kisha nikaona kuinama hakutoshi, nikapiga magoti, mimi binti wa Kiislamu, mbele ya msalaba wa watu, nikaweka kidole kwenye ukili wa kwanza nikaufuata, nikahamia wa pili, nikaufuata, nikijua ninachokitafuta na kuogopa kukikosa. Nilikipata karibu na katikati. Mweusi peke yake, shubiri nzima, hauna mwekundu. Niliulazia kiganja pale. Nilisikia kicheko cha Bi Rehema kana kwamba yupo nyuma ya ukuta.

"Agnesi," nikasema. "Huu ni wangu."

"Ni wako," alisema. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. "Wote. Mimi nilishona tu."

"Na za kwako?"

"Za kwangu zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa zinachanganyika, Bibi alizimaliza kwenye mikeka ya harusi za watu. Padri anakuja, mimi sina hata ukili mmoja. Bibi akasema, Mize anazo za mkeka mzima, za mkono mmoja, nimeziweka kwa ajili hiyo. Shona, na yeye tutamwonyesha ukishatandikwa. Alisema, hata kama nimeshona mimi, mkeka wako wa kwanza utakuwa umefika nyumba ya sala, na wewe, Mize, utakuwa fundi siku hiyohiyo. Nikamwambia tumwambie kwanza. Akasema hapana, aingie auone mwenyewe, nataka niuone uso wake."

"Sikuingia."

"Hukuingia. Mimi nilijua umeshajua. Ulipokataa kunishikia mkeka njiani nikasema basi, amejua nimechukua kazi yake na ninajivika mimi. Padri anasifia binti huyu, binti huyu, na mimi nataka kusema si mimi, mdomo hautaki. Nilikuja dukani kukuomba radhi. Niliiona miguu yako chini ya pazia, Mize."

Karibu miaka arobaini nilikuwa nimemwonea mtu wivu kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe, na yeye miaka hiyohiyo ameishi akijiona mwizi wangu. Nililia pale chini, na nililia zaidi kwa ajili ya Bi Kidawa, aliyetembea na mimi njia nzima akingoja neno moja.

Agnesi alifungua mkoba, akatoa kitambaa kilichokunjwa, akakikunjua mapajani. Shazia ilikuwa ndani, shaba imelika katikati. "Alikuwa nayo kwenye fundo la kanga siku ile akupe. Nilipokwenda kumuaga alinipa, akasema mpe wewe, labda kwako ataipokea. Sijawahi kuitumia."

Yule kijana alikuwa amesimama na majani yake ya mwarobaini mkononi, hajui atazame wapi. Nilijifuta uso kwa mtandio, nikamwuliza kama hapo jirani kuna mtu anayesuka. Akasema yuko mama mmoja nyuma ya shule. Nikamwambia akaniombee ukindu, mweusi na mwekundu, na kisu kidogo, na alikwenda mbiombio kama aliyeshukuru kupata pa kwenda.

Wakati tunamngoja nilifumua vile viraka vya mafundi. Halafu nikautazama vizuri mshono wa Agnesi, sasa nikiwa na nafasi ya kuutazama. Uzi wake haukuonekana popote. Kili zangu zilikuwa zimekutana kama zilizosukwa pamoja tangu mwanzo, na nasema kweli, nilimwonea wivu tena palepale, wivu mpya, na safari hii nilimwambia.

"Umeshona vizuri, mshenzi wewe."

"Nilishona nikilia," alisema.

Ukindu ulipoletwa niliulowesha, nikakaa chini nimenyoosha miguu, na vidole vikaanza. Vilikuwa vigumu, vifundo vinauma, nikakosea, nikafumua, nikaanza upya. Mkono wa kushoto ukatangulia wenyewe. Jua lilihama kutoka dirisha moja mpaka la pili, tumbili wakaja dirishani wakatuchungulia, na kipande kikatoka kiasi cha kuziba pembe, kimelalia upande wake. Nilikiweka mahali pake kabla hakijashonwa, na kikalala.

Agnesi alikuwa ameshatunga uzi kwenye shazia. Alisogea akapiga magoti upande wa pili wa mkeka. "Nishone?"

"Lete hapa," nikamwambia. "Wewe ulishashona."

Akaninyooshea. Niliipokea kwa mkono wa kushoto.